Safu ya Tatu

Saa kumi na mbili na robo, Ijumaa, Ansab.
Lango la mabwawa hulifungua Mwakio wa Voi,
kavaa koti la ulinzi lenye jina la mtu mwingine kifuani.
"Shikamoo, Bi Thuwaiba. Darubini umeileta?"
Nimeileta. Na chupa ya chai ya tangawizi,
na daftari la idara lenye safu tatu:
jina, idadi, hali.

Kwanza harufu. Bango la langoni haliitaji,
lakini maji haya ni ya Maskati iliyokwisha kujisafisha:
maji ya masufuria ya jana, ya udhu, ya chooni kwetu,
yakachujwa, yakatulizwa, yakachujwa tena,
hata yakawa ziwa, na matete yakaamini.
Maji haya nimeyaoga mimi.
Leo anayaoga bata aliyetoka Siberia.

Malori ya kokoto yananguruma nyuma ya kilima.
Ndani ya kibanda cha mbao pana tundu la kuchungulia,
upana wake sahani ya wali,
na nje ya tundu:
heroe kumi na wanne, kila mmoja na mguu wake mmoja,
kama waliosahau walichokuja kuchukua;
kitwitwi wasiotulia, mbio mbio topeni,
kama wanaotafuta kipini kilichodondoka;
yangeyange; mnandi, mbawa kazianika.

Wiki jana walikuja watoto wa skuli kwa basi.
Mmoja akauliza, "Wanajuaje kuwa wamefika?"
Mwalimu akamwambia asiwashitue ndege.
Swali lile ninalo mkobani mpaka leo.

Sisi tulifika mwaka wa sabini na mbili,
mama na sanduku la bati na mbuzi ya kukunia nazi.
Nazi hapakuwa.
Jirani alimwuliza kwa Kiarabu, yeye akajibu kwa Kiswahili;
jirani akacheka, akarudi na sahani ya tende.
Kwa hiyo ndege nawajua kwa ulimi wa mama,
na daftari linawataka kwa ulimi wa idara.
Mwakio huniuliza, "Na huyu, kwetu anaitwaje?"
Hilo neno *kwetu* hulitamka akitazama viatu vyake.

Safu ya tatu inakubali majibu manne tu:
mkaazi, mpitanjia, mgeni wa baridi, aliyepotea.
Januari ni kazi nyepesi.
Lakini Juni iliyopita, joto digrii arubaini na saba,
wote wameshakwenda zao,
maji kimya kama nyumba ya arusi kesho yake,
tulimwona bata mkia-sindano, peke yake, ubavuni mwa matete.
Bawa la kushoto lilining'inia
kama mkono wa kanzu ulioachia mshono.

Mwakio, aliyeahirishiwa likizo mara mbili,
akawa anampitia kila jioni.
Hakumlisha. Sheria.
Alisimama tu, akimpa habari za Voi:
mvua imenyesha, dada kajifungua, mbuzi wameingia shambani.

"Mwandike," akaniambia.
Jina: bata mkia-sindano. Idadi: moja. Hali:
mkaazi? Hana kiota.
Mpitanjia? Hapiti.
Mgeni wa baridi, katika tanuri hili?
Aliyepotea?
Nikamtazama. Kichwa kimezama, mkia umeelekea mbinguni,
anakula bila haraka, kama mwenye nyumba.

Nikaandika nje ya mstari, kwa Kiswahili:
*yupo*.

Idara ililirudisha daftari na alama ya kuuliza,
wino mwekundu. Sijafuta.

Leo wamerejea, mia na ushei,
na kwa darubini wote ni wamoja: shingo nyeupe, mkia mrefu.
Yule sijui kama ni miongoni mwao,
au Agosti ilimmaliza, au mbweha.
Mwakio anajua. "Ni yule pale," hunionesha kwa kidole,
na kila Ijumaa kidole chake humwangukia bata mwingine,
nami kila Ijumaa namwitikia, "Ndiye,"
nammiminia chai,
nahesabu upya.